Nilimnyamazisha Binti Yangu Mbele ya Wauza Farasi

Kosa ni langu. Wauzaji nao wana lao, lakini hili ni langu, na sijamwambia mtu hata kanisani.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Amepanda farasi tangu mdogo, hapa Jakobsberg, kwa Waswidi. Mimi sikujua kitu, nikajifundisha: miezi minane ya vitabu vya maktaba, daftari limejaa. Tulitaka farasi wa Kiaislandi, wale wenye mwendo uitwao tölt. Miguu inapokezana mmoja mmoja, mgongo hautikisiki, mpandaji ametulia kama yuko kwenye kochi.

Tukaenda kwa mume na mke wanaouza farasi shambani kwao, nje ya Södertälje. Tulimkuta farasi jike wa kahawia, tayari ametandikwa.

"Huyu ni mpole kuliko mume wangu," yule mke akatania, akitukaribisha kahawa na mikate ya mdalasini.

Mume akampanda, akapita mbele yetu. Nikasikiliza kwato: moja, mbili, tatu, nne. Sawasawa kabisa! Nikatia alama daftarini.

Aliposhuka, binti yangu akapenyeza mkono chini ya manyoya ya shingo. Akasema kwa Kiswidi, wote wakasikia: "Baba, amelowa jasho hadi ndani. Hakulowa sasa hivi. Wamemkimbiza kabla hatujafika, achoke aonekane mpole."

Yule mke akaacha kumimina kahawa. Jamani, aibu niliyoipata! Tumekula mkate wa watu, halafu mtoto anawaita waongo!

"Wewe!" nikamkemea kwa Kiswahili. "Wakubwa wakiongea unanyamaza. Nani kakuuliza?"

"Lakini baba..."

"Kimya!"

Akautoa mkono shingoni mwa farasi. Nikawaomba radhi wenyeji, nikatia sahihi hati ya kumnunua farasi.

Siku ya nne baada ya kumnunua, farasi alikuwa amepumzika vya kutosha. Binti yangu alishika tandiko, akayatazama masikio ya farasi yaliyolala nyuma, dalili ya hasira, akanitazama mimi. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Nilimwona! Nami nikasema, "Panda."

Hakumaliza hata kukaa. Farasi aliruka, akageuka, akamtupa kwenye uzio. Nilisikia mfupa ukivunjika. Daftari lilikuwa mkononi mwangu.

Hospitalini daktari alimuuliza anaumia wapi. Alinigeukia kwanza, uso umekunjamana kwa maumivu, akauliza taratibu: "Naruhusiwa kusema?"

Hakuwa ananikejeli. Ole wangu, bora angenikejeli!

Bega linaunga. Mimi ananijibu maneno mawili, matatu, basi.

Wewe unayetaka kununua farasi, fika kabla ya saa mliyopatana, umkute bado hajatandikwa. Pitisha mkono shingoni mwenyewe. Na kama umekwenda na mtoto anayejua kuliko wewe, mwache aseme, hata kama kikombe cha watu kiko mkononi mwako. Kahawa ile ningeweza kuiweka chini!