Sumu Haikuwa Kwenye Sufuria ya Kalunde

Admin, nifiche jina. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na saba, naishi upande wa Kilungu, na akili zangu ziko sawa, kwa hivyo mtu asiseme ni uzee unaoongea. Majina nimebadilisha.

Miaka ya themanini nilikuwa na mtoto mmoja, kijana. Tulikuwa na mwethya, kikundi chetu cha akina mama cha kusaidiana shambani. Tulichimba fanya juu, yale matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Mgongo ulinikata vibaya. Basi nilikuwa nanunua vidonge vya maumivu dukani, nameza viwili asubuhi na chai ya rangi bila kula, viwili tena nikirudi. Wengi wetu tulifanya hivyo. Tuliviita jembe la pili.

Tumbo likaanza. Moto chini ya kifua, gesi inajaa mpaka nalegeza leso, usingizi hakuna. Likizidi, naongeza vidonge, si ni dawa ya maumivu?

Mpishi wa mwethya alikuwa jirani na rafiki yangu, Kalunde. Mama mkwe wangu akakata kauli mapema.

"Ulianza kuumwa lini? Si ni baada ya kula isyo ya Kalunde? Huyo amekulisha uoi," akasema, yaani uchawi.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "sisi wote tulikula hayo mahindi na maharagwe, sufuria moja."

"Wengine hawakuzaa kijana mwaka ule Kalunde alizika wake. Ni wivu."

Hapo ndipo aibu yangu iko. Nilinyamaza. Maneno yakaenea, wanawake wakaanza kubeba chakula chao kutoka nyumbani. Siku moja Kalunde alipakua sahani kumi na nane na hakuna aliyeshika hata moja. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia jembe langu.

Wiki hiyo choo changu kikawa cheusi kama lami, nikaanguka shambani. Mume wangu akanikimbiza hospitali. Daktari aliniambia nimwage kila kitu kilicho kwenye kiondo.

"Mama, hizi unameza ngapi?"

Nikamwambia.

"Na chakula gani?"

"Chai tu."

"Hakuna mtu amekuroga. Hizi ndizo zimekutia vidonda tumboni, na hicho choo cheusi ni damu."

Akanipa dawa, akanikataza vile vidonge, akasema nile kidogo kidogo nisikae na njaa, na mgongo ukiuma nirudi kwake nisikimbilie duka. Nilimaliza dawa zote. Nilipona.

Niliporudi kwenye mwethya, nilienda moja kwa moja kwa sufuria ya Kalunde, nikapakua, nikaketi mbele ya wote. Mama mkwe akapaza sauti, "Ukimeza hiyo, usirudi kwangu!" Nikameza. Nikainua karatasi ya vidonge nikawaambia, "Mchawi ni huyu, na nilimnunua mwenyewe!" Wengine walicheka, wengine wakaondoka. Kalunde aliniongezea maharagwe kidogo.

Mnadhani yaliishia hapo? Kalunde ameshazikwa, na leo mjukuu wangu anataka kuoa mjukuu wake. Mume wangu hayuko tena, na ndugu zake wamekataa kupeleka mbuzi wa ntheo, ambao bila hao hakuna ndoa Ukambani. Wanasema, "Ile ni nyumba ya wachawi, mama alituambia. Usimwaibishe marehemu mama." Na Kalunde je, si marehemu pia? Aibu yake nani atamwondolea? Nimekasirika, na sifichi.

Mbuzi watatu nimewafunga nyuma ya jikoni. Najua kwetu hupelekwa na wanaume. Nitaenda nao mimi, na shemeji zangu wakitaka wafuate nyuma. Msinishauri ninyamaze, maana kunyamaza nilishajaribu, na nilimwona Kalunde akirudisha chakula cha sahani kumi na nane kwenye sufuria, sahani moja baada ya nyingine. Nilikula chakula chake mbele ya watu, lakini neno samahani sikuwahi kumwambia, mpaka akazikwa.

Kwa hivyo nishaurini hili moja tu: nikifika Jumamosi langoni kwa binti ya Kalunde, mama wa msichana, nianze na mbuzi au nianze na samahani?