Mikaratusi ya Mama

Kikundi chetu cha kuhifadhi mto karibu na Ikonge kilipopata ufadhili, mimi ndiye niliyekuwa katibu. Sharti la kwanza lilikuwa kuondoa mikaratusi iliyonyonya maji ukingoni, na mingi ilikuwa ya mama yangu. Baba aliipanda mwaka mmoja kabla ya kufa.

"Mama, pale tutapanda miti ya kienyeji," nilimwambia.

"Kateni," akajibu. "Lakini mimi sitakuja kutazama."

Tulikata kwa siku mbili. Miche ikashika, na baada ya muda chemchemi iliyokuwa imekauka ikaanza kutoa maji tena. Nilimpelekea mama kikombe cha kwanza. Alikunywa, akashukuru, kisha akaniuliza kama nilimbakizia hata kisiki kimoja. Tulikuwa tumeving'oa vyote.