Nyongeza ya Pili

Kichwa cha mama yangu kilinigharimu shilingi elfu saba mia nne na hamsini. Nimehesabu mara mbili. Hapo sijaweka maharagwe, kwa sababu maharagwe hakuna anayejua yaliishia wapi, isipokuwa nusu ya Kanduyi.

Mimi nauza viatu vya mitumba Kitale. Kazi hiyo inakufundisha kuhesabu mara mbili: kwanza vya kushoto, halafu vya kulia. Mama anauza maharagwe Kanduyi, pale unapoingia Bungoma, kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao kila mnunuzi huamini umebonyezwa makusudi. Wa mama umebonyezwa makusudi. Ukishapimiwa unadai nyongeza, yaani konzi moja juu, na tangu nimjue mama huitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Kwa hiyo niliposikia biashara yake imechangamka, nilishuku. Nilienda nikakuta foleni. Foleni, bana, ya maharagwe! Nikasimama kando. Mwanamke wa mbele alipimiwa, akapewa nyongeza, halafu akaanza kuuliza habari za kanisa, za mvua, za ng'ombe wa jirani. Alipomaliza akasema kwa sauti ya upole, "Mathe, na nyongeza yangu?"

Mama akachota konzi nyingine.

Nilihesabu wateja tisa na nyongeza kumi na saba. Nikahesabu tena. Aliyekosa ya pili alikuwa anakimbilia matatu.

"Mama, unawapa mara mbili."

"Mimi? Nimewahi kumpa nani kitu mara mbili? Hata wewe nilikuzaa mara moja."

Ulimi ulikuwa mzima. Kilichovuja kilikuwa mahali pengine. Nikamwambia ikiendelea hivi nitafunga hicho kibanda, nimpeleke Kitale akae kwangu.

"Kitale nitafanya nini? Nilinganishe viatu?"

Kabla ya kufunga, nilijaribu dawa. Kitale kulikuwa na jamaa wa kipaza sauti aliyeuza unga wa kurudisha ubongo ujanani. Alikuwa na picha mbili: ubongo mzee, kama kabichi iliyolala sokoni siku nne, na ubongo uleule baada ya unga, kabichi ya asubuhi. Alitaka elfu sita. Niliondoka mara mbili, akaniita mara mbili, nikachukua kwa elfu mbili mia nane. Ningepaswa kujua hapo hapo. Mimi mwenyewe nikikushushia zaidi ya nusu, kiatu hicho kimeshikwa na gundi.

Mama alionja kwa ncha ya kidole. "Hii ni manjano, ya kutia kwa mchuzi. Umenunua pesa ngapi?" Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika meza. Baada ya dakika kumi akauliza tena, nikamwambia tena, akacheka upya kwa nguvu zilezile. Sikujua kati yetu nani anatibiwa.

Ndipo tukaenda hospitali, na huko zikaenda zile elfu nne mia sita na hamsini zilizobaki. Daktari, kijana mtulivu, alimtajia maneno matatu ayashike, kisha akamuuliza mia toa saba.

"Tisini na tatu," mama akasema. "Lakini ukichukua mbili nakufanyia tisini."

"Na yale maneno matatu niliyokupa?"

Akamkazia macho. "Ulinipa mimi? Uko na risiti?"

Daktari alicheka, lakini aliandika. Alinieleza kwamba ubongo ukizeeka hupungua kidogo, na pale seli zinapopeana habari hupungua pia. Kuna kazi ya kusafisha taka, ambayo ubongo hufanya zaidi ukiwa usingizini, nayo hulegea. Presha ikiwa juu huumiza mishipa midogo ya damu, na ya mama ilikuwa juu.

"Inarudishwa nyuma?" nikamuuliza.

"Kwa panya, wanasayansi wameona dalili nzuri. Kwa watu, bado."

"Si unipimie hata nusu ya panya?" nikambembeleza.

"Madam, hapa si sokoni."

Alichokuwa nacho kilikuwa bei moja: mama ashushe presha, apimwe masikio kwa sababu hasikii vizuri, alale, atembee. Hilo halirudishi yaliyokwenda, ila linaweza kuchelewesha yanayokuja. Nilikuwa nimeshashika mlango aliposema, "Na usimtoe kwa watu. Kule kubishana bei kunamsaidia."

Sasa mama akishatoa nyongeza anafunga mfuko fundo. Fundo likionekana, mtu amepata. Juzi nilisimama tena kando, wateja sita, nyongeza saba. Mmoja alikuwa amefungua fundo, mfuko ameuficha nyuma ya mgongo.

Kisha nikaingia foleni, na zamu yangu ilipofika nilitaka gorogoro moja. Mama akanipimia, akanipa nyongeza kwa shida kama zamani, akafunga fundo, akataja bei kamili. Nikalipa.

"Asante, customer. Karibu tena."

Nilingoja acheke. Alikuwa ameshamgeukia wa nyuma yangu. Mama hunifanyia mzaha wa aina hiyo tangu nikiwa mdogo, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza kama ule ulikuwa mzaha.

Basi nyinyi mliokaa na wazee wa namna hii, niambieni. Nimwache Kanduyi, wanakomwibia konzi kwa konzi lakini anabishana kutwa nzima? Ama nimlete Kitale, haibiwi chochote, na wa kuongea naye ni mimi peke yangu jioni nikirudi? Semeni mnavyoona. Safari hii sitaomba mnipunguzie.