Mume Wangu Anataka Kubatizwa, Mimi Ndiye wa Kuachwa

(Barua hii imetufikia kutoka nchi ya majani chai, upande wa Kericho. Mwenyewe ameomba asijulikane, kwa hiyo majina tumeyageuza.)

Wasomaji, nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana na mvulana, na umri wangu ni kama miaka ishirini na sita. Sijui kuandika. Anayeniandikia ni mama jirani kutoka upande wa ziwani, ambaye mume wake ni karani kwenye shamba la majani chai. Mume wangu ni nyapara hapo hapo. Huyu mama ndiye aliyenisomea ukurasa huu, nikasikia jinsi wengine wanavyosaidiwa.

Mimi ni mke wa pili. Mke mkubwa nitamwita Tapsabei. Hakujaliwa mtoto. Kwa desturi yetu Wakipsigis, mwanamke kama yeye anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana wa kumzalia, na watoto wakawa wake. Lakini Tapsabei alibatizwa kabla yetu wote, na mwalimu wa dini akamkataza jambo hilo. Hata hivyo tuliishi vizuri. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenipikia uji mpaka nikapata nguvu.

Mwaka uliopita mume wangu naye akaanza kusomea ubatizo. Asubuhi moja nikiwa nakamua, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu amesema niwe na mke mmoja," akasema. "Yule wa kwanza."

"Na mimi?"

"Sikufukuzi. Nakuachilia tu."

Alisema kwa ile sauti ya kumtuliza ng'ombe asipige teke. Sikulia. Nilimaliza kukamua, nikaingia ndani, nikaketi.

Wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji chetu, waliitwa. Upande wangu hakuja mtu, maana baba alikwisha kufa na kaka sina. Nimebaki na mama tu, huko Chebunyo. Mzee mmoja alimwambia mume wangu, "Huyu mlifungana nyasi mkononi mbele yetu, na amekuzalia. Ndoa ya namna hii haivunjwi."

"Mambo hayo nimeyaacha, baba," mume wangu akajibu.

Walivutana mpaka jua likageuka. Mwisho wakakata hivi: nibaki na nyumba yangu na shamba la wimbi lililo chini yake, niachiwe ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila mavuno mume wangu aniletee mahindi. Ng'ombe wengine wa nyumba yangu wasiuzwe, wamngojee mtoto wangu wa kiume. Watoto walale kwa Tapsabei, kwa sababu watoto ni wa baba.

"Maadamu moshi unatoka kwa nyumba yake, hayo yote ni yake," yule mzee akasema. "Lakini akihama mwenyewe, amejitoa."

Mzee mwingine alijitanda blanketi lake akasimama kabla maneno hayajaisha. "Mimi sikuwa hapa," akasema, akaenda zake. Hakuna aliyemrudisha.

Haukupita muda mrefu, ng'ombe wa nyumba yangu wakaswagwa kwenda Ndanai. Nilipouliza, mume wangu alisema ugonjwa umeingia, kwa hiyo amewatawanya kwa marafiki. Ng'ombe wake wengine walikuwa wakila majani palepale, wazima.

Mavuno ya kwanza aliniletea gunia limejaa. Mavuno yaliyofuata hakuja. Alikuja Tapsabei na kikapu, akaketi mlangoni kwangu, akatazama paa na kuta.

"Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja," akasema.

Alikuwa amekuja na mwanangu wa kiume, amemnyoa nywele. Mtoto aliniamkia akaniita mama mdogo. Nilimuuliza ni nani amemfundisha kuniita hivyo, naye akamtazama Tapsabei.

"Ni vizuri azoee," Tapsabei akasema. "Siku ya ubatizo wake mimi ndiye nitakayesimama kama mama yake." Halafu akaniangalia kwa huruma, ile huruma yake ya zamani, nikaogopa. "Umekonda sana. Nenda kwa mama yako ukapumzike. Watoto nitawaangalia."

Nikamwambia siendi.

Baada ya hapo akaja ndugu yake Tapsabei, mtu ambaye hakuwahi kufika kwangu. Alisema mama yangu ni mgonjwa, hainuki kitandani, na ananitaja.

"Ulimwona mwenyewe?" nikauliza.

"Niliambiwa njiani."

"Na nani?"

"Na watu," akasema, akainamisha macho.

Nikakumbuka neno la wazee. Mwenzangu anayeandika barua hii alimwomba mwendesha mkokoteni mmoja anayeelekea Sotik, njia ya Chebunyo, atuulizie habari za mama. Hajarudi. Usingizi sipati. Moto wangu siuzimi hata mchana, ili moshi uonekane.

Leo nimetoka nje nikamkuta mume wangu na yule ndugu yake Tapsabei wakichimba karibu na ukuta wa nyumba yangu, nguzo zimelala kando. Nikamuuliza ni za nini.

"Za zizi," akasema bila kuinua kichwa. "Zizi litakuwa hapa ukishasafiri."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nitasafiri.

Ndugu zangu mnaosoma, nikienda Chebunyo nimejitoa, na watoto wangu na ng'ombe wao nimewaachia wengine. Nisipoenda, na ikiwa habari ni ya kweli, mama yangu atafia mikononi mwa watu baki. Niambieni nishike lipi. Na mkijibu, jibuni upesi, kwa maana mashimo wameshaanza kuchimba.