Mipira Iliyongoja Siku Yake

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha injini, nafungua boneti ya pikapu na kubonyeza mipira ya rejeta. Naanza na wa juu, namalizia na wa chini, ambao haufikiki kirahisi na huniachia masizi hadi kwenye kiwiko. Majirani zangu wa Kagondo wameshazoea. Mwanzoni walidhani gari limekufa, wakawa wananiuliza kama nahitaji kusukumwa. Siku hizi wanausalimia mgongo wangu na kupita.

Gereji sikusoma. Nilimwona tu tata, baba yangu, akifanya hivyo miaka yote aliyobeba kahawa na ndizi kwa gari hilo hilo. Alibonyeza huku akiangalia pembeni na kupiga soga, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Siku moja nilimuuliza atajuaje kwamba wakati wa kuibadilisha umefika. Akasema, "Utajua." Halafu akafariki, akaniachia gari na jibu hilo.

Mpira ukilegea sana umeoza kwa ndani. Ukiwa mgumu na kulialia chini ya kidole, umekauka. Yangu ilikuwa katikati, kama mwenyewe. Wa chini ulikuwa umevimba kidogo karibu na klipu, lakini ulikuwa hauvuji. Ungeweza kunivumilia mwaka mzima, au kunipasukia kesho yake nikiwa nimepakia mbolea ya dukani kwangu. Nilitazama uvimbe ule kila wiki na kila wiki nilifunga boneti bila kuamua.

Maoni hayakukosekana. Fundi wangu wa Bukoba mjini alinishauri nisiguse kitu, maana gari la zamani ukilifunga mpira mmoja mpya, presha inahamia kwa ule uliobaki. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alisema nibadilishe yote kwa mkupuo hata kama ni mizima. Wanaume wasio na gari ndio waliokuwa na uhakika zaidi, na walinieleza polepole, kwa kuwa mimi ni mwanamke.

Kilichonipa jeuri ya kungoja ni kwamba seti nyingine ilikuwepo. Tata alikuwa ameiagiza Mwanza kabla hajaugua, mipira halisi ya gari lile, iliyopinda panapotakiwa. Hii ya kukatiwa madukani kwetu imenyooka, na ukiilazimisha kwenye kona inajibana na maji hayapiti. Tata hakuwahi kuifunga seti yake. Mama aliichukua akaitunza nyumbani Kishanda, na nilipomlalamikia kwa simu kwamba mipira ya gari inazeeka, jibu lake lilikuwa moja. "Ya baba yako ipo. Siku yake ikifika utaikuta."

Sikuwa na sababu ya kutia shaka. Mama anatunza vitu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ana shuka aliyopewa siku ya harusi yake ambayo haijawahi kulaliwa. Ana vikombe vya wageni, vyenye visahani vya maua, ambavyo hakuna mgeni aliyefikia hadhi ya kuvinywea, hata padri.

Siku ya mipira ilikuja kwa njia ya macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika pande zote mbili. Kwa miaka kadhaa nilimwomba aende hospitali, naye akasema bado, kuna mtu alimwambia lazima ungoje jicho liive kwanza. Ikafika hatua akawa ananitambua kwa sauti. Akimimina uji ukaenda pembeni, anakilaumu kikombe. Nilikuwa naumia kumwangalia, na nilikuwa namkasirikia pia, yote mawili kwa pamoja.

Kisha kanisani kwao likasomwa tangazo kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya Bukoba mjini kwa wiki moja. Alinipigia yeye mwenyewe.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini kwa gari la baba yako. Sipandi basi watu waniburute kama mbuzi."

Namjua mama. Safari hiyo ingevunjika, asingekubali nyingine, na giza lingemkuta akiwa bado anasema bado. Barabara ya kwao ina milima, na uvimbe wa mpira wa chini niliujua kama ninavyojua jino bovu. Nikaamua. Seti ya tata tungeifunga Jumapili kulekule Kishanda, na Jumatatu tungeondoka asubuhi.

Nilipanda kwenda Kishanda mwendo wa pole. Baada ya misa, fundi kutoka Muleba mjini akafika kwa bodaboda. Mama hakumruhusu aguse boneti kabla hajatafuna kahawa kavu ya kumkaribisha, kama ilivyo desturi yetu, naye fundi akatafuna punje mbili tatu kwa adabu huku jicho lake likiwa kwenye gari. Alipoachiliwa alifanya kazi haraka. Akamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, na mpira wa juu ulipogoma kutoka upande wa injini, akaupasua kwa kisu. Wa kutupwa huo, alisema.

Mimi nilikuwa nimemfuata mama jikoni kumsaidia. Akanyoosha mikono juu, penye uchaga ulio juu ya meko, anapoweka maharage ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Hapo ndipo mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba yake. Akapapasa kati ya vibuyu, akashusha furushi la khanga lililokuwa jeusi kwa masizi, akalipangusa kwa kiganja na kunikabidhi.

"Haijaguswa hata na panya," alisema.

Ndani mlikuwa na mipira ya tata. Mpira unakula joto chini ya boneti, hiyo ndiyo kazi yake, lakini hapo ndani una maji yanayozunguka. Hii ilikuwa imekaukia juu ya moto wa kila siku, asubuhi na jioni, miaka yote tangu tumzike tata. Nilimpelekea fundi nikiomba iwe nimekosea.

Alipousukuma wa kwanza kwenye bomba la rejeta ulitoa mlio wa kijiti kikavu. Ufa ulikwenda kutoka mdomoni hadi kwenye kona. Akachukua wa pili, akaukunja kidogo tu, nao ukafanya vilevile. Akamtazama mama aliyekuwa amesimama pale na mikono yake imekumbatiana, akageukia kwangu, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Vitu vya siku hizi, mama. Viwanda vinatudanganya."

Mama akanyoosha mkono apewe. Akaupapasa ule ufa, akaunusa mpira kwa muda.

"Moshi," akasema. "Si kiwanda. Nimeipika mimi."

Fundi akaanza kukusanya spana zake. Mama akakaa kwenye ngazi ya mlango na kusema safari imekufa, turudi ndani tukale. Alilisema bila huzuni yoyote, na ndiyo maana niliogopa. Nilihisi hasira imenipanda hadi masikioni, hasira ya kuikasirikia mipira, meko, na hata tata na "utajua" yake. Nikamwambia, "Mawe, mama yangu, utakwenda hata kama nitakubeba."

"Huo wa zamani," mama akauliza, "aliufunga nani?"

"Tata."

Akabaki pale kwenye ngazi. Hakuingia ndani kula.

Nikauokota mpira uliopasuliwa. Ufa wa kisu ulikuwa na urefu wa vidole vitatu, upande mmoja tu. Nikamwuliza fundi, tukikata hapo na kuutupa huo mwisho, uliobaki utafika? Akaupima kwa mkono, akasema utafika kwa kubana, lakini yeye haahidi. Nikamwambia sijamwomba ahadi. Tukaukata, tukaufunga, tukakaza klipu, tukarudisha maji. Wa chini tuliuacha na uvimbe wake. Tuliwasha injini ikanguruma muda mrefu, na mama akaja akasimama karibu, akisikiliza tone lolote litakaloanguka. Halikuanguka.

Jumatatu tuliondoka na madumu mawili ya maji nyuma. Shida ya barabara ile ni kwamba gari la tata linajulikana, na kwa kawaida yetu mtu mzima hasalimiwi dirishani. Unashuka, unaulizia nyumba nzima, naye anaulizia yako. Gari likiunguruma limesimama juani, ndivyo linavyochemsha. Nilimweleza mama hilo. Mzee wa kwanza alipotupungia nilimwambia, naye mama akatoa kichwa dirishani gari likitembea na kusema, kwa neno letu la kusihi, "Mtusamehe, waitu, tunakwenda!" Akawaomba radhi hivyo hadi Muleba, kisha akafunga kioo na kulia kidogo kwa aibu. Kuanzia hapo lami ilitusaidia. Kwenye kila mteremko nilipata pumzi, na kwenye kila mlima nilitazama sindano ya joto. Tulifika mjini na mpira wa juu umelowa tu kwenye klipu.

Walianza na jicho la kulia. Kesho yake walipofungua bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama, akakunja uso, akanitazama tena.

"Mvi hizi zilianza lini?"

"Siku nyingi, mawe."

Akanyoosha mkono akanishika kichwa, akapitisha vidole kwenye nywele, pole pole, kila upande.

Niliagiza seti nyingine Mwanza. Ilipofika kwa basi, mama alikuwa ameshapona na kurudi Kishanda, nikampigia simu kumjulisha.

"Umeiweka wapi?"

"Ipo hapa dukani. Nasubiri Jumamosi nione ya zamani inasemaje."

"Ifunge leo," alisema. "Leo, waitu, kabla hujala."

Alikuwa anakunywa kitu. Nilisikia kikombe kikitua kwenye kisahani, na nyumba ile haina visahani isipokuwa vile vya maua.