Televisheni ya Nyuma ya Pazia

Mpaka leo nikikaa mbele ya kioo chochote, cha kompyuta au cha simu, kitu cha kwanza ninachoangalia ni ukingo wa kulia. Watoto wangu hunicheka. Wanasema mama ana wazimu wake, lazima kwanza akague pembe ndiyo afanye kazi. Wacha wacheke. Hawakuwa Isiolo miaka ile ya themanini, hawakuona nilivyofanyiwa, na nikikumbuka damu bado inanichemka.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na soko la mifugo. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi, kwa hivyo sebule haikukosa wageni: watu wa Merti, watu wa Garbatulla, watu waliofika na lori la mbuzi asubuhi wakabaki mpaka jioni wakitafuna miraa na kuagiza chai. Sebule hiyo iligawanywa katikati na pazia zito la kijani. Upande wa barabarani ulikuwa wa wanaume. Upande wa jikoni ulikuwa wetu. Sisi wasichana tuliokwisha kukua hatukuvuka kukiwa na wageni, na wageni hawakufikiria hata kuchungulia kwetu. Mama peke yake ndiye aliyevuka, na birika mkononi, kwenda na kurudi kutwa nzima.

Kila upande ulikuwa na televisheni yake. Baba aliponunua ya rangi, ile ya zamani ya nyeusi na nyeupe ililetwa kwetu, kama kila kitu kilichochoka katika nyumba ile kilivyoletwa kwetu: viti, mikeka, hata redio iliyokuwa ikikoroma. Fundi wa redio akaugawa waya wa antena, tawi moja kwao, tawi moja kwetu. Tukawa tunatazama taarifa ya habari pamoja nao, kila mtu kwake. Na taarifa ya habari haina shida. Msomaji anakaa katikati ya picha, sasa nani atajua bega lake limekatwa?

Ndipo akaja kaka yake mama, abuya kama tunavyomwita sisi Waborana. Alikuwa amefanya kazi Saudia miaka mingi, akarudi na masanduku, manukato, na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kibodi tu, nene, unaichomeka nyuma ya televisheni pale pa antena. Michezo ilikuwa kwenye kaseti kama za muziki. Unatia kaseti, mashine inapiga mayowe kwa muda, halafu picha inatokea. Mji mzima ulisikia. Wazee waliokuwa wakinadi ng'ombe asubuhi walikuwa wakiingia kwetu adhuhuri kutazama gari la kuchora likikimbia kwenye kioo.

Mchezo uliopendwa ulikuwa wa lori. Lori linakwenda kulia, barabara inakuja, mawe yanatokea upande wa kulia na wewe unapanda au unashuka kuyakwepa. Kuna mapipa mekundu na ya kijani. La kijani ni mafuta, unalichukua. Jekundu linakulipua. Fundi aliiunganisha ile mashine kwenye waya uleule uliogawanywa, kwa hiyo picha ilionekana pande zote mbili, na kijiti cha pili cha kuendeshea kikapitishwa chini ya pazia kikatufikia. Baba alijisifu sana kwa hilo. Aliwaambia wageni kwamba nyumbani kwake hata wanawake wanacheza kompyuta, na bila kuvunja heshima ya mtu.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tumemaliza kidato cha nne mwaka mmoja. Ni mkubwa wangu, lakini alirudia darasa ndiyo tukafika pamoja, na alama zangu zilikuwa juu ya zake. Hayo hayakuzungumzwa nyumbani. Ikawa abuya anatangaza mbele ya wageni kwamba atamchukua mmoja wetu Nairobi, amlipie chuo cha kompyuta, amkalishe kwake mpaka amalize. Mmoja tu. Baba akasema basi, kijana aanze kufunga nguo. Abuya akakataa. Alisema yeye ametembea dunia, hapendi mambo ya kizamani, sisi wawili tushindane kwa mchezo wa lori.

"Mashine haijui mwanamume wala mwanamke," akasema. "Mwenye macho na mkono mwepesi ndiye ataenda."

Wageni wakamsifu kwa haki yake. Nami nyuma ya pazia nilifurahi nusura nilie, kwa sababu mwalimu hakuwa ameniambia hivyo, wala baba, wala mtu yeyote. Nilimwamini yule mtu. Ndicho kinachonikera zaidi ya yote, kwamba nilimwamini.

Tukapewa wiki ya kufanya mazoezi, na wiki hiyo sebule haikupata kuwa tupu. Wageni waliingia asubuhi, na jioni abuya aliichomoa mashine yake akairudisha kwenye sanduku kana kwamba ni yai. Kwa hiyo mazoezi yangu yote niliyafanya upande wetu. Rangi zilinisumbua kwanza. Kwenye televisheni yetu jekundu na kijani yote yalikuwa majivu. Niliungua mara nyingi mpaka nikagundua kwamba pipa baya hutikisika kidogo linapokaribia. Hilo nililimaliza mwenyewe, sikumuuliza mtu. Lililonishinda ni mawe. Yalikuwa yananitokea puani. Hayakuwepo, halafu yapo, na lori limekwisha. Upande wa pili nilimsikia kaka yangu akiyakwepa huku anaongea na watu, anacheka, anaomba chai. Nikaanza kujidharau. Nilijiambia labda ni kweli, labda mkono wangu ni mzito, labda wanayosema kuhusu sisi yana ukweli ndani. Wiki nzima nilijitukana kimoyomoyo.

Siku ya mashindano ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Kwetu walijaa kinamama wa mtaa. Jirani yetu Mmeru, ambaye aliwahi kutwambia kwamba kanisani kwao wanaume na wanawake hukaa benchi moja, aliketi karibu na goti langu na kunishikilia chai yangu. Tulicheza kwa zamu. Pointi hatukuziona upande wetu, tulizisikia wanaume wakizisoma kwa sauti, na hata hilo halikunishangaza. Nilidhani ni kazi yao kuzisoma. Nilicheza vizuri kuliko siku zote. Nilishika kijiti mpaka kidole kikafa ganzi. Na kila nilipoanza kupata mwendo, jiwe. Kaka yangu alinishinda kwa mbali, aibu tupu. Wanaume walipiga makofi, na jirani yangu akanisukumia kikombe.

Adhana ya magharibi ikaita, wanaume wakainuka wote kwenda msikitini. Kazi yangu mimi ilikuwa ileile ya kila jioni, kukusanya vikombe vyao. Nikavuka na sinia, macho yamevimba. Mashine ilikuwa bado inawaka, na mchezo, kama hauna mtu, ulikuwa unajicheza wenyewe. Nikasimama kuutazama. Lori lilikuwa palepale nilipolizoea, lakini mbele yake kulikuwa na barabara. Barabara ndefu. Jiwe likaonekana mbali kule kulia, likaja polepole, mtu angeweza kumeza chai kabla halijafika. Na juu ya picha, kwa maandishi makubwa, pointi.

Niliweka sinia chini. Nikarudi kwetu kutazama, na kwetu hakukuwa na jiwe. Likatokea ghafla mbele ya lori. Nikavuka tena, nikarudi tena, kinamama wananiuliza nina nini. Nikalishika lile pazia kwa mikono miwili nikalivuta lote mpaka ukutani, televisheni zote mbili zikaonekana kwa pamoja, labda kwa mara ya kwanza tangu ziwepo. Lori moja, barabara mbili. Picha ya mashine ilikuwa kubwa kuliko kioo chetu, na kilichozidi kilimwagika nje, juu na kulia. Nilikuwa nimeendesha wiki nzima bila kuonyeshwa njia.

Sikulifunga. Nilikaa hapo chini katikati, nikawangoja.

Waliporudi wakakuta nyumba iko wazi. Kinamama walikimbilia jikoni wakivuta mitandio, wageni wakageuza nyuso barabarani, na baba akabadilika rangi. Aliniamuru nifunge pazia. Nikamwambia atazame kwanza. Akaniamuru tena, kwa sauti ambayo hakuwahi kunitolea. Lakini wallahi siku ile hata angenipiga nisingeinuka. Nikamwita abuya, nikamwonyesha kwa kidole, hapa kuna jiwe, pale hakuna.

Na abuya aliona. Hilo ndilo nataka lieleweke. Alikuwa mtu anayejua mashine, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alizitazama zote mbili, akainama, akagusa kando ya kioo chetu, nikaona shingo yake inalegea. Kaka yangu naye aliona, akaangalia viatu vyake. Nilingoja. Nilikuwa na hakika sasa atasema turudie, nikae mbele ya ile kubwa, au kaka yangu akae mbele ya ile mbovu, lolote kati ya hayo lingenitosha.

"Ni televisheni ya zamani tu," akasema. "Na neno limeshasemwa mbele ya watu."

Basi. Mtu aliyetembea dunia. Mtu asiyependa mambo ya kizamani. Alinyoosha mkono wake mwenyewe akalirudisha pazia mahali pake, na nikasikia upande wa pili wakianza kuomba chai. Ati neno limesemwa mbele ya watu. Hao watu ndio walikuwa wameona televisheni moja tu! Kwa miezi kadhaa baadaye kilichosimuliwa sokoni si kioo kilichokatwa. Kilichosimuliwa ni binti aliyefungua pazia.

Waliondoka asubuhi, abuya na kaka yangu na mashine. Kaka yangu alikaa chuoni muhula mmoja, akachoka, akarudi kuuza mbuzi na baba. Hakuna aliyesema nafasi yake sasa nipewe mimi. Kompyuta niliifikia mwenyewe, nikiwa mtu mzima, kwa jasho langu, na sina wa kumshukuru.

Lakini asubuhi ile ile walipoondoka, nilikuwa na mama uani tukiosha vikombe. Nilikuwa bado nawaka, nawatukana wote mmoja mmoja, na yeye anasuuza tu. Ndipo nikakumbuka birika. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wiki nzima. Katika nyumba ile yote, mtu mmoja tu alikuwa ametazama televisheni zote mbili.

Nikamuuliza kama alikuwa ameona.

Akasema aliona tangu siku ya kwanza, kwamba kwao picha inaendelea na kwetu inaishia.

"Sasa mama, mbona hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, kikombe kikichuruzika maji mkononi mwake.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani ndiyo sehemu yetu."