Fundi Placide Alala Kifudifudi

Placide alitoka Bukavu akiwa kijana mrefu wa kuinama kila mlangoni. Baada ya miaka mingi ya cherehani huko ugenini, mtaa wa Doornfontein kusini mwa Afrika, hakuhitaji tena kuinama. Mgongo ulikuwa umeinama wenyewe. Emiliana, Mtanzania aliyeshona sare za shule katika chumba kimoja naye, alizoea kumtania.

"Kaka Placide, unatafuta nini huko chini? Sema nikusaidie."

Placide alicheka mpaka mwaka 2017, shingo ilipokataa kugeuka. Akitaka kuvuka barabara kwenye robot, zile taa za barabarani, aligeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mkewe, Arlène, akampeleka kliniki. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo akamwonyesha la kufanya: alale kifudifudi, paji la uso kwenye taulo, mikono ainyooshe pembeni, vidole gumba vitazame juu, kisha ayabane makombe ya mabega na kuinua mikono na kifua kidogo tu, atulie, apumue, ashuke.

"Na dawa?" Placide akauliza.

"Dawa yako ni sakafu."

Nyumbani kitanda na watoto vilikuwa vimemaliza nafasi, kwa hiyo alifagia pini pale kazini akalala nyuma ya meza ya kukatia. Siku ya kwanza mikono ilipanda kidogo kama mbawa za kuku aliyenyeshewa, ikaanguka. Alitweta, akaona aibu, lakini kesho yake akarudi chini.

"Usiinue kidevu," Emiliana alimwambia huku anashona. "Tazama sakafu."

Asubuhi moja Emiliana alikwenda kununua uzi. Firmin, mlinzi wa usiku anayesali na Placide kanisa moja, akaja kuchukua suruali yake. Aliona miguu miwili imetokeza nyuma ya meza, haisogei. Hakuuliza. Alipiga magoti, akaweka kiganja kizito mgongoni mwa fundi na kuanza kumwombea kwa sauti.

Placide alikuwa ameinua kifua na mikono juu kabisa, pumzi ameibana.

"Papa Firmin," alisema kwa shida, "toa mkono. Uko unanilemea."

Firmin akaruka nyuma hadi ukutani. Moyo ulipotulia, akauliza, "Sasa unafanya nini huko chini, Papa?"

"Nanyoosha mgongo."

Firmin akavua viatu. "Mimi ninasimama getini usiku kucha, mgongo unawaka moto. Hebu sogea."

Emiliana aliporudi alikuta wanaume wawili wamelala, mikono wameitandaza. Aliweka uzi mezani, akafunga mlango, akajifunga kanga juu ya suruali.

"Nipisheni nafasi," akasema.

Tangu hapo, Firmin alipitia kila akitoka zamu. Maumivu ya Placide yalipungua polepole, mpaka siku moja akamgeukia Arlène kwa shingo tu.

Krismasi ya mwaka uliofuata alivaa koti alilojishonea mwenyewe. Nyuma lilining'inia, mbele likapanda juu ya kiuno.

"Limeharibika," Arlène alisema.

Placide alijitazama kiooni, akalivua, akalipima kwa macho. Alikuwa amelikata kwa mazoea, bila kujua, kufuata kibyongo ambacho hakuwa nacho tena, mgongo mrefu na kifua kifupi. Alicheka hadi watoto wakaja kuona kuna nini. Kisha akaenda kanisani na shati tupu, na sikukuu zilipopita akaanza kulifumua lile koti.